Nyaboke na Mafiga Yake

Nyaboke hakuwa amemaliza wiki moja katika boma la baba mkwe wake, mzee Jeremiah, pale Kisegi, alipofanya kosa lililomfuata miaka. Aliingia jikoni kwa mama mkwe wake asubuhi, akafunua nyungu iliyokaa kando ya moto, akaona managu, ile mboga ya mnavu, imelala ndani ya maziwa, nyeusi, imeanza kuchachuka. Kwao Migori mama yake alikuwa anapika mboga na inaliwa siku hiyo hiyo. Ikilala ikanuka, inamwagwa. Nyaboke akaona mama mkwe amesahau. Wacha nimsaidie. Akaimwaga nyuma ya jiko, kuku wakafurahi, kisha akachukua majivu akasugua ile nyungu mpaka ikang'aa.

Mtu yeyote wa hapo angemwambia kwamba hiyo managu ilikuwa siku yake ya tatu. Unachemsha leo, kesho unaongeza maziwa, kesho kutwa unaongeza tena, ndiyo inakuwa laini na uchungu unaisha. Ilikuwa ya mzee, na ilikuwa inaliwa mchana huo. Lakini bibi arusi mgeni atamuuliza nani? Boaz, bwana yake, ni mtu wa kutengeneza injini za mashua. Yeye hajui nyungu ina nini mpaka kitu kiwe kwa sahani.

Risper, mama mkwe, alirudi kutoka kisimani akasimama mlangoni.

"Nyar Kisii," alisema, maana yake msichana wa Kisii, na hilo ndilo jina alilomwita tangu siku ya kwanza. "Mboga ya mzee iko wapi?"

"Ilikuwa imeharibika, mama. Nimemwagia kuku."

"Na nyungu?"

"Nimeiosha."

"Umeisugua?"

"Ndiyo mama."

Risper akakaa chini. "Hiyo nyungu sijaisugua tangu nilipozaa Boaz," alisema. "Ladha yote ilikuwa imekaa ndani. Sasa umenipatia nyungu ya duka."

Kosa lilikuwa kosa, hakuna wa kubisha. Lakini kuna mtu anakosewa anakasirika anamaliza, na kuna mtu anakosewa anafurahi, kwa sababu sasa ana kitu cha kushika. Risper alikuwa wa pili. Kuanzia siku hiyo aliapa hapiki mboga tena nyumbani kwake, kwa nini apike wakati kuna mtu wa kumwaga. Alizaliwa Mfangano, kisiwani, na kwake chakula ni samaki. Mboga alikuwa anapika kwa huruma ya mzee tu. Sasa huruma ikaisha. Ikawa ni samaki asubuhi, samaki jioni, ugali nyeupe katikati.

Nyaboke akasema basi nitapika mimi. Mama yake, Mellen, aliuza mboga soko la Migori tangu Nyaboke yuko mgongoni, kwa hivyo alijua majani kama vile watu wa ziwa wanajua nyavu. Alipika saga, yaani mgagani, jinsi ya kwao, haraka, bila maziwa, chungu kama dawa ya malaria. Kwao waliipenda hivyo. Pale Kisegi mzee alitafuna tonge moja, akaomba maji. Liz, binti ya Risper, ambaye alikuwa amekuja kutoka Homa Bay mjini na kucha zake nyekundu, akasukuma sahani.

"Mama, huyu ametuletea chakula ya mbuzi."

Wakacheka. Boaz pia alicheka kidogo, halafu akamwona mkewe akaacha. Alikuwa amechelewa.

Sasa, katika boma kama lile, mke wa kijana hapiki kwake. Anapika jikoni kwa mama mkwe, kwa moto wa mama mkwe, kitu mama mkwe ametaka, mpaka siku huyo mama atakapomtolea mafiga yake, mawe matatu ya kuweka sufuria, awashe moto wake mwenyewe. Siku hizi wengine hawangoji. Wananunua jiko la gesi wanafunga mlango. Lakini boma la Jeremiah lilishika desturi, na mwanamke ambaye hajapewa mafiga hapo ni kama mgeni aliyelala sana. Wasichana wengine wanapewa kabla mtoto wa kwanza hajatembea. Nyaboke alizaa Jerusha, Jerusha akaenda shule, Nyaboke akazaa wa pili, na bado alikuwa anaomba ruhusa ya kuweka chumvi.

"Ongea na mama," Boaz alimwambia.

"Wewe ndiye mtoto wake."

"Mambo ya jikoni mimi siingilii."

"Kula unaingilia."

Boaz akachukua spana zake akaenda ziwani.

Kilichomuuma Nyaboke si kuombaomba tu. Ni kwamba watoto wake walikuwa wanakua bila kujua mboga. Jerusha akiwekewa jani moja kwa sahani anatema, anasema, "Bibi anasema ni ya mbuzi." Mtoto wa mtu anayeuza mboga Migori. Nyaboke akaona, huyu mtoto mimi nimemzaa lakini ulimi wake wamenipokonya. Na bila mafiga yake mwenyewe hawezi kuurudisha.

Siku moja mzee Jeremiah alikuwa mgonjwa wa tumbo, na wamama wa kanisa wakaja kumwona. Mmoja wao, mama asiyeogopa, akauliza mbele ya wote, "Risper, huyu msichana utampatia mafiga lini? Ama unangoja azeeke mkae pamoja?"

Risper akanywa chai yake kwanza.

"Siku wageni wa boma hili watalamba sufuria yake ya majani," alisema, "hiyo siku nitabeba mafiga kwa mikono yangu nimpelekee mpaka mlangoni. Nyinyi ni mashahidi."

"Wageni gani, mama?" Liz akasema. "Mbuzi wa nani?"

Wamama wakacheka mpaka chai ikamwagika. Nyaboke alikuwa anakusanya vikombe, na alikusanya vyote polepole, akiangalia kila uso. Ukitaka mpaka leo atakwambia nani alicheka na meno na nani alicheka na tumbo. Mzee Jeremiah alikuwa amelala pale kwa kiti akajifunika. Yeye ni mtu wa maneno machache sana.

Ugonjwa wa mzee ulikuwa wa aibu. Tangu mboga iishe kwake, choo ilikuwa imekataa. Alikuwa anaingia na redio, anasikiliza habari yote, anasikiliza matangazo ya vifo, anatoka kama alivyoingia. Risper alimletea dawa. Mzee akanywa, akaingia na redio tena.

Halafu ikaja ile miezi serikali inafunga ziwa ili omena, wale dagaa wadogo, izae. Wavuvi wakakaa nyumbani wakichezea watoto wao kama watu wasiojuana. Omena ikapanda bei, na samaki mkubwa akawa wa watu wa lori. Risper, malkia wa samaki, akawa anahesabu omena kwa vidole. Na hapo ndipo Nyaboke alipoona mlango.

Hakuuliza. Alichukua ile omena kidogo, akakaanga kitunguu na nyanya nyingi mpaka ikawa rojo, akakata majani ya kunde membamba kama nywele, akatia ndani, omena juu. Ikajaa sufuria. Risper akachungulia.

"Omena yangu imeota majani?"

"Imeongezeka, mama. Ukitaka nitoe majani, itabaki ya watu wawili."

Risper akahesabu watu. Akakaa. Akala. Hakusema ni tamu, lakini tonge lake la ugali lilirudi kwa sahani mara tatu.

Kwa watoto alitumia akili nyingine. Hakuweka jani mbele ya Jerusha. Alichemsha boga, akaliponda ndani ya maji ya ugali kabla ya kutia unga, ugali ikatoka njano kama jua. "Hii ni ugali gani?" Jerusha akauliza. "Ya watu wakubwa. Wewe usile." Mtoto akala ya kwake na ya ndugu yake. Wiki iliyofuata akaponda boga ndani ya unga wa chapati. Halafu majani ya boga, laini yale ya juu, ndani ya mayai. Kufika hapo Jerusha mwenyewe ndiye alikuwa anamwuliza, "Mama, leo unaficha nini?" na kutafuta kwa kijiko. Mrenda, ambayo watoto wanakimbia kwa sababu inavutika kama makamasi, aliichanganya na kunde nusu kwa nusu, ikashuka kooni bila vita.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa saga na managu. Alikaa chini akafikiri. Mama yake anapika haraka, uchungu unabaki. Mama mkwe anapika siku tatu, uchungu unaisha, lakini nani siku hizi ana siku tatu? Akajaribu. Saga na managu na kunde pamoja, kunde ikiwa nyingi. Chemsha, mwaga ile maji ya kwanza inayobeba uchungu. Kitunguu kwa mafuta, rudisha mboga, maziwa polepole kwa moto mdogo, na mwisho kijiko cha karanga za kusaga. Mara ya kwanza ikashika chini. Mara ya pili maziwa ikakatika kwa sababu ya haraka. Mara ya tatu alionja, akafunga macho. Uchungu ulikuwa umebaki kidogo tu, kama mtu anayebisha mlango na kuondoka.

Alimpelekea mzee kwa bakuli. Mzee akala. Kesho yake akaingia kule kwake na redio, na kabla habari haijasomwa nusu akatoka, anatembea kama kijana. Alipita mbele ya jiko akasimama.

"Ile mboga," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Ipikwe tena."

Hiyo ndiyo hotuba ndefu zaidi aliyowahi kumpa. Risper alisikia. Kuanzia hapo bakuli la mzee likawa sheria, ingawa Risper alisema ni dawa tu, si chakula.

Ziwa lilifunguliwa, samaki wakarudi, na Liz akatangaza amepata mume. Oliver, mwalimu, kijana wa Rodi Kopany. Watu wake wangekuja kwa ayie, ile ziara ya kumwomba mama wa msichana akubali. Katika siku kama hiyo mtu anapima boma kwa sufuria. Risper akatuma neno Mfangano kwa ndugu zake, wakamletea mumi, kambare mnene mwenye ndevu, mrefu kama mtoto wa darasa la pili, ngozi laini bila gamba hata moja.

Nyaboke alipomwona yule samaki akaweka karai chini.

"Mama, watu wa Rodi ni Wasabato. Mimi nimelelewa Msabato. Samaki bila magamba hawakulangi."

"Oliver anakula," Liz akasema. "Nimekaa naye Homa Bay mezani, ameramba mpaka mfupa."

"Alikuwa na mama yake?"

"Nani amekuuliza? Wewe pika majani ya watoto kule nje. Mambo ya wageni tuachie wenyewe."

Risper naye hakugeuka hata kichwa. "Nyar Kisii, mimi ndio nitafundishwa samaki? Na wewe?"

Nyaboke alikuwa amesema mara moja. Kwa mtu mwenye masikio, mara moja inatosha, na kwa asiye nayo hata kengele ni bure. Alichukua kikapu akaenda shambani kwake. Aliambiwa apike majani ya watoto. Akachuma saga, managu na kunde mpaka kikapu kikakataa, akaongeza kingine. Mtu angemwona angeuliza hawa watoto ni wangapi. Akaweka sufuria kubwa kuliko zote kwenye jiko la makaa, nyuma, karibu na banda la kuku. Akamwaga maji ya kwanza. Akatia maziwa polepole. Na ugali akasonga aina mbili, nyeupe na ile ya boga.

Wageni wakaja wamevaa vizuri. Walikaa ndani ya hema, wajomba upande huu, wamama upande ule, na shangazi yake Oliver, mwanamke mnene mwenye sauti ya mnada, katikati. Wakaomba, maombi marefu, na Liz akafunua sufuria.

Mjomba akaangalia ndani, akaona zile ndevu. Akarudisha kifuniko kwa upole, kama mtu anayemfunika maiti. Oliver naye aliangalia ile mumi jinsi mtu anavyomwona rafiki yake akikamatwa na polisi na hawezi kusema anamjua.

"Mama," mjomba akamwambia Risper, "tunashukuru sana. Sisi huyu samaki hatumli. Hata hivyo tumeona upendo."

"Kuna kuku," Liz akasema haraka. "Kuku wawili."

"Wamepikwa na nini?" shangazi akauliza. "Mbona wananukia samaki?"

Liz akasogeza sufuria ya kuku nyuma. Alikuwa amewakaanga kwa mafuta ya mumi, ati wapate ladha.

"Msisumbuke," mjomba akasema. "Tutakunywa chai na ugali."

Chai na ugali. Kisegi, kando ya ziwa, siku ya ayie, wageni wanywe chai na ugali. Hadithi ingefika Rodi kabla yao, na kutoka Rodi ingepanda gari iende Rongo. Risper alisimama pale akivutavuta kitambaa chake kipya cha kichwa.

Mzee Jeremiah akakohoa.

"Leteni ile yangu," alisema.

Nyaboke alikuwa tayari mlangoni. Alibeba ile sufuria kubwa mwenyewe, mvuke ukimpanda usoni, akaiweka katikati bila kumwangalia mtu. Shangazi akachungulia. Akachukua tonge la ugali ya njano, akachovya, akatafuna. Akaacha kutafuna. Akatafuna tena.

"Yawa," alisema, kama mtu aliyekutana na ndugu njiani. "Hii ni saga? Uchungu wake umeenda wapi?"

Hakungoja jibu. Mikono ikaingia. Mjomba aliyekuwa anataka chai akavua koti. Wamama wakaacha vijiko. Oliver akala kama mtu anayetubu. Walikula, wakasogeza sahani, wakarudi, na mwishowe ilisikika tu sauti ya kijiko kwenye chuma. Shangazi alikuwa ameinamisha sufuria, anakwangua, na kile kilichokataa kijiko akakipitisha kidole, akalamba.

"Nani amepika hii?"

Risper akawahi. "Hapa kwetu," alisema, "tunapikanga hivi tangu zamani. Mimi mama yangu alinifundisha."

Nyaboke aliangalia Boaz. Boaz aliangalia viatu vyake. Na hapo kila kitu kingeishia. Mboga ingekuwa ya Risper, sifa ya Risper, na mafiga yangebaki palepale.

"Risper," mzee akasema.

"Baba Boaz."

"Ulisema wageni wakilamba sufuria yake utatoa mafiga. Mashahidi wako wapo, hata leo wameketi hapa kula. Imelambwa." Akaonyesha kidole cha shangazi, ambacho kilikuwa kimerudi mdomoni. "Toa."

Wale wamama wa kanisa, kwa sababu hakuna karamu wanayokosa, wakaangaliana. Yule asiyeogopa akapiga kigelegele. Wakaitikia hata wale waliocheka siku ile, na Nyaboke aliwaona, na hakuwaitikia. Shangazi hakujua ni mafiga gani, lakini alipiga kigelegele zaidi ya wote. Ayie ikakubaliwa. Liz akapata mume wake juu ya mgongo wa mboga ya mbuzi.

Asubuhi Risper alibeba mafiga kwa mikono yake, moja moja, mpaka mlangoni, kama alivyoapa. Jasho lilimtoka. Nyaboke hakumsaidia. Alisimama akiangalia mpaka la tatu likawekwa chini, akainama, akaligonga kwa kisu.

"Hili lina ufa, mama. Moto ukishika litapasuka."

"Ni jiwe tu."

"Lete lile lingine. Lile jeusi la kwako, linalokaa upande wa ukuta."

Walitazamana. Mzee alikuwa anapita na redio yake kwapani, hana haraka. Risper akarudi, akaleta lile jeusi.

Nyaboke akayapanga matatu, akachukua kaa la moto kutoka jiko la Risper kama desturi inavyotaka, akapuliza. Lilishika mara moja. Jioni ile alipika alichotaka bila kuuliza mtu: mrenda na kunde, omena kidogo juu, ugali ya boga. Jerusha alikula akalamba vidole, akauliza kama kesho wanaweza kupika saga. Boaz alinyoosha sahani aongezewe.

"Mambo ya jikoni huingilii," Nyaboke akamwambia, akaongezea watoto kwanza.

Watu wanasema angesamehe, sasa ameshinda. Wanaosema hivyo hawakukusanya vile vikombe. Risper siku hizi anamwita Mama Jerusha, anatuma watoto na bakuli jioni, na bakuli linarudi limejaa, kwa sababu Nyaboke si mchoyo. Lakini hajawahi kumwambia akae.

Na Liz. Hakumaliza hata miezi miwili Rodi Kopany. Shangazi alikuwa anamwuliza kila Jumapili ile mboga ya kwao iko wapi, na alipopika, ilitoka chungu mpaka mjomba akarudi kwa chai. Akapanda gari akaja Kisegi, kucha hazina rangi, akasimama mlangoni kwa Nyaboke.

"Shemeji, nimekuja unifundishe."

Nyaboke alikuwa amekaa karibu na moto wake. Alimwangalia kutoka juu mpaka chini. Akasukuma kikapu kwa mguu, kimejaa saga, kila jani linataka kuchambuliwa kwa mkono.

"Mbuzi wameshiba," alisema. "Anza."

Liz akakaa chini kwenye mchanga. Alichambua mpaka vidole vikawa kijani, mpaka kivuli cha nyumba kikahama, akafika chini ya kikapu, akainua kichwa.

"Sasa tunatia maziwa?"

"Bado," Nyaboke akasema, akamsukumia kikapu cha pili. "Chambua."